Sensa ya 2019: nani alijibu swali la dini nyumbani kwenu?

Wanajukwaa, hamjambo.

Naandika kutoka Kisumu, na naandika nikiwa muumini. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue nimesimama wapi: mimi ni Mkatoliki, nafundisha CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, katika shule ya upili, na Jumapili asubuhi utanikuta kanisani. Nimesoma nyuzi nyingi zinazouliza kwa nini vijana wanaacha dini, na karibu zote zinaanza kana kwamba tunajua ni wangapi walioacha. Mimi sidhani kama tunajua, na sababu yangu ilitokea sebuleni kwetu.

Wiki ya sensa, Agosti 2019, karani alifika kwetu Nyalenda jioni, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kishikwambi mapajani. Baba ndiye aliyejibu kila swali kwa kuwa ndiye mkuu wa kaya: umri, elimu, kazi, maji tunayatoa wapi, choo ni cha aina gani. Lilipofika swali la dini hakumwacha karani amalize kuliuliza. “Wakatoliki. Sote.” Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 20, alikuwa ameketi kwenye kochi lile lile alilokalia Baba, na ilikuwa inatimia miaka miwili tangu aache kupanga foleni ya komunyo. Aliinua macho, akanitazama mimi wala si Baba, kisha akayarudisha kwenye simu. Karani akagusa kioo mara moja, akaendelea na swali lililofuata.

Matokeo ya sensa hiyo yanasema kuwa Wakenya 755,750 hawana dini, sawa na asilimia 1.6 ya watu milioni 47.6. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu 922,128, yaani asilimia 2.4. Ukiyachukua hayo kama yalivyo, utasema wasio na dini wanapungua, na kwamba kilio cha mapadri, wachungaji na mashehe kuhusu vijana ni hofu tupu. Kaunti iliyoongoza kwa wasio na dini ilikuwa Kilifi, wala si Nairobi yenye vyuo vikuu na mabishano ya mitandaoni. Mimi naona takwimu hizo zinatueleza vizuri sana imani ya wakuu wa kaya. Kijana aliyenyamaza kwenye kochi amehesabiwa upande wa baba yake.

Uingereza na Wales, katika sensa ya 2021, asilimia 37.2 walisema hawana dini, na Wakristo walishuka hadi asilimia 46.2. Wapo wanaotaja takwimu za namna hiyo kuonyesha tunakoelekea, lakini sidhani kama mambo yanalingana kirahisi hivyo. Huko kusema huna dini hakumnyimi mtu mazishi. Hapa kwetu dini ni sehemu ya jina lako, na ndiyo inayoamua nani ataongoza matanga na nani atasimama kando ya kaburi. Kijana akimwambia mama yake kwamba haamini, mama hamuulizi kwa nini, anamuuliza, “Sasa siku ukifa utazikwa na nani?” Ni swali zito, na kijana mwenye huruma na mama yake hunyamaza, huenda kanisani Krismasi na Pasaka, na maisha yakaendelea.

Lililo jipya hapa, kwa maoni yangu, ni huko kunyamaza. Watu wa magharibi mwa Kenya hawajawahi kumeza dini bila kuitafuna. Yohana Owalo alianzisha kanisa la Nomiya mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kutoridhika na makanisa ya wamisionari. Zakayo Kivuli akaanzisha kanisa la African Israel Nineveh kule Vihiga mwaka 1942. Elijah Masinde wa Bungoma alisimamisha Dini ya Msambwa, wakoloni wakaipiga marufuku mwaka 1948, na serikali huru ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Mapema miaka ya 1960, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaongoza maelfu kutoka Ukatoliki kwenda kanisa la Legio Maria, ambayo mpaka leo ina mahali pake pa kuhiji kule Got Kwer, Migori. Hao wote waligombana na kanisa, na ugomvi wao ukazaa kanisa lingine, kanzu nyingine, nyimbo nyingine. Ulionekana barabarani, ukisikika kwa ngoma. Kijana wa leo akigombana na kanisa hajengi lolote. Anatoka mikono mitupu, tena anatoka akiwa bado ameketi kwenye benchi, nasi tunaendelea kumhesabu.

Jinsi mdogo wangu alivyotoka naijua, maana nilikuwapo.

Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, polisi waliingia katika nyumba za watu mitaani kwetu usiku. Mtoto wa miezi 6 alipigwa kichwani ndani ya nyumba yao hapa Nyalenda, na siku chache baadaye akafariki hospitalini. Wengi mnalikumbuka jambo hilo, kwa sababu nchi nzima ililia, na mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo hicho iliona kwamba polisi wana lawama. Kwetu hakikuwa kisa cha gazetini. Kilikuwa mtaa wetu.

Wiki chache baadaye jumuiya yetu ndogo ilisali nyumbani kwetu. Somo lilitoka Mathayo 10, pale Yesu anaposema kwamba shomoro haanguki chini bila Baba kujua, na kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Baada ya somo mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la kushirikisha. Kwa kawaida watu hurudia mstari uliowagusa, kisha chai inaletwa. Siku hiyo chai ilikuwa imetangulia kuletwa, na mdogo wangu alikuwa na kikombe mkononi. Akauliza, kwa sauti ya chini na bila ubishi wowote: “Kama anahesabu nywele, usiku ule alikuwa anahesabu nini?”

Mzee mmoja akasema hayo ni maswali ya shetani. Hakuna aliyempinga. Watu wakainuka, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakamwombea kwa sauti kwa muda niliouona mimi kuwa mrefu sana. Hakusukuma mkono wa mtu. Alikishika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike, na nakumbuka chai ile ikitetemeka ukingoni. Mimi, mwalimu wa dini, nilifumba macho nikaitikia amina.

Nimelifikiria tendo hilo kwa miaka, na kila nikirudi kwenye Biblia nalikuta likihukumiwa. Ayubu anapofiwa na watoto wake anamwita Mungu mahakamani, kwa maneno makali kuliko ya mdogo wangu. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu, wana majibu kamili, na wanamwambia Ayubu kwamba kosa liko kwake. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anawakasirikia wale watetezi wake, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Kitabu hicho tunakisoma kwenye mazishi. Usiku ule sebuleni kwetu tulikuwa rafiki wa Ayubu, na mdogo wangu peke yake ndiye aliyekuwa Ayubu.

Shuleni nako hatujafanya vizuri zaidi, na hapa najilaumu mwenyewe kwanza. Namna tunavyofundisha CRE, mwanafunzi anajifunza kwamba imani ni orodha ya hoja zenye alama. Eleza sababu 6 za hili, taja mafunzo 5 ya lile. Ninao wanafunzi wanaoweza kuandika bila kukosea njia za kumsaidia rafiki mwenye mashaka ya imani, ambao wao wenyewe wana mashaka hayo hayo, wala hawajawahi kupata mtu wa kumwambia. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma baada ya kipindi, akaniuliza kama akiandika jibu asiloliamini atakuwa ametenda dhambi ya uongo. Nilimwambia aandike kinachotakiwa. Jibu hilo lilimpa alama, na sijui lilimnyang'anya nini.

Kuhusu fedha na siasa kanisani nitasema machache, kwa kuwa mengi yameshasemwa. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataza wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kianglikana tangu Septemba 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha walizotoa wanasiasa katika parokia moja zirudishwe. Nilifurahi. Hata hivyo, vijana walioandamana Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha walikuwa wameshauliza kwa nini madhabahu inapangishwa, na waliuliza kabla ya maaskofu wengi kufungua vinywa. Kisha iko Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, na ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Kijana akiniambia kwamba watu wale walikufa kwa sababu walifundishwa kutouliza, sina la kumpinga.

Ombi langu ni hili: mnaochangia, msianze na takwimu. Tuelezeni nani alijibu swali la dini nyumbani kwenu, na aliyeketi kando akinyamaza alikuwa nani.

*

Nimesoma michango yenu, ahsanteni. Nawajibu kwanza mliosema, na mko wengi, kwamba kutoamini ni ugonjwa wa Wazungu ulioletwa na intaneti, na kwamba Mwafrika hajui kuwa bila Mungu.

Mimi naamini wazee wetu walimjua Nyasaye, yaani Mungu kwa Kijaluo, kabla ya meli ya kwanza ya wamisionari. Lakini kumjua hakukuwa kukubaliana juu yake. Profesa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alizunguka vijijini akiwahoji wazee waliosifika kwa hekima, wengi wao wasio na elimu ya kizungu au wenye kidogo tu. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alitoa hoja kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote, kwa sababu kama miungu ingekuwa mingi ingegombana, na maumbile yangevurugika. Mwingine alikuwa baba mzazi wa profesa, Mzee Oruka Rang'inya. Huyu alisema kwamba ni kosa kumfanya Mungu kuwa mtu mahali fulani. Kwake Mungu ni wazo linalowakilisha wema wenyewe, na ni wazo lenye manufaa katika kuishi.

Someni tena maneno ya mzee huyo. Kijana wa leo akiyaandika hapa, nusu yenu mtamwambia ameharibiwa na Wazungu. Aliyeyasema alikuwa mzee wa kijiji wa Ugenya, na hakuna aliyemzunguka kumwekea mikono. Mtoto wake alichukua kalamu akayaandika.

Sikubaliani na Mzee Oruka Rang'inya. Mungu aliye wazo tu siwezi kumsemesha usiku. Ila namwonea wivu mwanawe, ambaye alimsikiliza baba yake mpaka mwisho. Mimi nilishindwa kumsikiliza mdogo wangu kwa dakika moja.

Na mliotaja kwamba hata neno “Mungu” katika lugha zetu lilipitia mikono ya wamisionari, mna haki. Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda aliyefanya kazi hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Wazee hawakuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo. Swali likageuzwa likawa nani aliyewafinyanga, nao wakakumbuka Rubanga, pepo anayepinda migongo ya watu, wakamtaja. Jina hilo likaingia katika sala. Wenye kupenda tafsiri watafakari jambo hilo pole pole, mimi naona lina uzito wake.

*

Ndugu uliyeandika “lete ushahidi kwamba Mungu yupo, hadithi za familia weka kando”, swali lako ni la haki, na sitalikwepa.

Hoja ninayoiona kuwa na nguvu zaidi ni ya zamani, na waliiendeleza Waislamu kabla yetu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijenga hivi: kila kilichoanza kuwapo kina kilichokifanya kianze, ulimwengu ulianza kuwapo, basi kipo kilichouanzisha. Najua utauliza nani alimwanzisha Mungu. Hoja yenyewe haisemi kwamba kila kitu kina mwanzilishi, inasema kila kilichoanza, na anayemwamini Mungu hasemi kwamba Mungu alianza. Unaweza kuikataa kwa kukataa kwamba ulimwengu ulianza, au kwa kusema kwamba sheria ya visababishi inafanya kazi ndani ya ulimwengu tu na haiwezi kutumiwa juu ya ulimwengu wenyewe. Njia zote mbili zina watu makini, na sitajifanya kwamba nimezifunga.

Hata nikikushinda hapo, nimekupa mwanzilishi tu. Kutoka kwa mwanzilishi wa nyota hadi kwa Baba anayehesabu nywele za mtoto wa Nyalenda ni safari ndefu, na hoja ile hainifikishi huko. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 na ambaye kanisa langu linamheshimu kama mwalimu mkuu, alipofika kwenye swali la kama Mungu yupo alianza kwa kuandika hoja za wanaosema hayupo. Ya kwanza kabisa ni ile ya mdogo wangu: kama kuna wema usio na mwisho, uovu usingeonekana, nao unaonekana. Aliiandika kwanza, kwa nguvu zake, ndipo akaanza kujibu. Jibu lake, kwamba Mungu huruhusu uovu ili atoe wema ndani yake, nimelisoma mara nyingi. Mbele ya kaburi la mtoto huyo nisingeweza kulitamka.

Naamini kwa sababu ninaposali najua ninasikilizwa. Hilo kwako si ushahidi, wala sikulazimishi ulikubali.

Ninachokuomba nawe ni kimoja. Chama cha wasioamini kiliposajiliwa mwaka 2016 kisha kikasimamishwa baada ya waumini kulalamika, tulishangilia, ingawa Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, imani na maoni. Mei 2021 katibu wa chama hicho alipojiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo, tulishangilia tena kama timu iliyofunga bao, na wenzako wakamdhihaki. Sikuona mtu, upande wetu wala wenu, aliyemuuliza alipitia nini. Tukiendelea kuhesabiana mabao, kijana wa kochini atazidi kutazama simu yake.

*

Wengi mmeuliza mdogo wangu yuko wapi. Yuko hapa mjini, ni fundi wa umeme, anakaa upande wa Kondele. Nimempa uzi huu ausome kabla sijauweka, na ameniruhusu.

Mwaka jana nilimfuata kwake, nikamwomba radhi kwa ile amina. Alikuwa anabadilisha soketi ukutani, hakugeuka mara moja. Akaniuliza kama usiku ule mimi mwenyewe nilikuwa na jibu. Nikamwambia sikuwa nalo, na mpaka leo sinalo. Akakaza skrubu ya mwisho, akasema angeridhika kama mtu mmoja tu angemwambia hivyo siku ile.

Sitawadanganya kwamba amerudi kanisani. Hajarudi, na sijui kama atarudi. Baba anajua sasa, aliambiwa na mwenyewe, na kwa miezi kadhaa hawakuzungumza isipokuwa salamu. Siku hizi wanatazama mpira pamoja. Sala ya chakula Baba huisema kama kawaida, na mdogo wangu husubiri bila kuinamisha kichwa, na hakuna anayemkemea. Kwa familia yetu huo ni mwendo mrefu.

Nilikwenda pia kwa padri wetu kumwomba ukumbi wa parokia kwa ajili ya vijana, waulize lolote bila kuhojiwa ni waumini au la, bila sadaka, bila mhubiri. Alinisikiliza, akataka kujua nani atakuwa na majibu. Nikamwambia tutakuja na vitabu, pamoja na maneno “sijui”. Alikaa kimya, kisha akafungua daftari lake la ratiba. Tumepewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri.

Mdogo wangu amesema atakuja. Ametoa sharti moja, nami nimelipeleka kwa padri, naye amelikubali: asiguswe kichwa na mtu yeyote.